Nimlipie mama launji ya uwanja wa ndege?

*"Shikamoo. Mwezi ujao nasafiri na mama kwenda Manchester kwa kaka yangu, kupitia Doha. Mama ana miaka 68, ana kisukari cha kuchoma sindano, na magoti yanamsumbua. Anatembea, ila si mbali. Dar tunaondoka jioni, Doha tunafika kwenye saa sita usiku, na ndege ya pili inaondoka saa moja na nusu asubuhi. Nimeona mtandaoni launji ya Dar ni kama dola 40 kwa mtu, ya Doha kama dola 60. Rafiki yangu anasema nisimbanie mama, nilipie zote mbili, maana huko kuna vitanda na mnapandishwa ndege mwanzo. Kaka anasema ni kutupa hela. Pia nina kadi ya benki ambayo niliambiwa inaingiza launji bure. Mimi sijawahi kuingia hata moja. Je, inafaa?"*

Marahaba, binti yangu. Nikujibu moja kwa moja, halafu nieleze kwa nini. Launji ya Dar usilipie. Ya Doha lipia, lakini kwanza ufanye jambo moja la bure ambalo hukulitaja kabisa kwenye swali lako, na ambalo kwa magoti ya mama lina thamani kuliko launji zote mbili. Jambo hilo ni kuomba kiti cha magurudumu. Nitalifikia.

Naona pia wasiwasi ulio chini ya swali lako. Mzazi amekuzaa, amekusomesha, leo unampeleka Ulaya kumwona mwanawe, na mtu anakwambia usipotoa dola 200 unambania. Liondoe moyoni hilo. Nimekaa kwenye kaunta za tiketi miaka mingi, nimesafirisha wazee wengi, na sijaona mzee aliyeumia kwa kukosa launji. Nimeona walioumia kwa kutembezwa mwendo mrefu, kwa kukaa na njaa, na kwa sindano iliyowekwa kwenye sanduku lililokwenda chini ya ndege.

Launji ni ukumbi wenye mlango na mtu wa kukagua anayeingia. Ndani kuna viti vya kukalia kwa raha, chakula cha kujipakulia, chai na kahawa, vinywaji, choo kisicho na foleni, mahali pa kuchaji simu, na katika baadhi yake bafu la kuoga. Ilianza kama heshima: shirika la American Airlines lilifungua ya kwanza mwaka 1939 pale LaGuardia, New York, na waliokaribishwa ni wageni wateule wa shirika. Biashara ya kumfungulia mlango abiria wa kawaida ilikuja baadaye sana. Priority Pass, ule uanachama wa launji unaouzwa dunia nzima, ulianza 1992. Plaza Premium, kampuni yenye launji zake za kulipia kwenye viwanja vingi, ilianza Hong Kong mwaka 1998.

Vitanda, mara nyingi hakuna. Baadhi ya launji zina viti vya kujinyoosha au kona yenye mwanga hafifu, na hivyo navyo wanaowahi ndio wanaovipata. Ukinunua launji kwa kufikiria kwamba mama atalala chali na shuka, utasikitika. Kupandishwa ndege mwanzo ni habari nyingine kabisa. Utaratibu wa kupanda unafuata daraja la tiketi yako na hali ya abiria, wala getini hakuna anayejua kama ulitoka launji au kwenye benchi. Atakayemfanya mama apande mwanzo ni yule anayesukuma kiti chake cha magurudumu.

Tena launji huweza kukuchelewesha. Viwanja vingi vikubwa vimeacha kutangaza safari kwa vipaza sauti, na ndani ya launji kuna utulivu unaomsahaulisha mtu. Geti kwa kawaida hufungwa dakika 20 hivi kabla ya muda wa kuruka. Abiria wangu mmoja, mzee wa makamo anayejua kusafiri, alikaa kwenye kiti kizuri akisubiri aitwe. Hakuna aliyemwita. Alipofika getini ndege bado ilikuwa pale, anaiona kwa kioo, na mlango umefungwa.

Ni vizuri pia ujue launji inavyopata hela, maana hapo ndipo utaelewa kwa nini mtu aliyelipa huweza kuambiwa "samahani, tumejaa". Mashirika yenye ndege nyingi mahali fulani hujenga launji zao. Yenye ndege moja au mbili kwa siku hayajengi. Hupeleka abiria wao wa daraja la biashara kwenye launji ya pamoja na kulipa kwa kila kichwa. Viti vinavyobaki, mwenye launji anaviuza: kwa kampuni za kadi, kwa wanachama wa Priority Pass na wenzake, na mwisho kwa wewe unayekuja na pesa mkononi. Ukumbi ukijaa, wa kwanza kuzuiwa ni huyo wa mwisho. Abiria wa daraja la biashara huwezi kumwacha nje, shirika lake lina mkataba. Dar tatizo hili lina saa zake, kwa kuwa ndege nyingi za masafa marefu hukusanyika jioni na usiku, na wote wanataka viti vilevile. Ndiyo maana nasema, ukiamua kulipia launji popote, lipia kabla kwa siku na saa maalumu, na usome kama fedha inarudi safari ikibadilika.

Yalinikuta mimi mwenyewe, nikiwa na marehemu baba, kwenye uwanja fulani ambao si wa hapa kwetu. Sikuweka nafasi. Nilimtembeza mzee ghorofa mbili kufuata kibao cha launji, tukafika mlangoni, tukaambiwa turudi baada ya saa moja. Mwendo ule ulimchosha kuliko safari yenyewe, na mpaka leo huwa nikiukumbuka naumia.

Sasa hesabu ya Dar. Jengo la Tatu la Abiria pale Julius Nyerere, lililozinduliwa 2019, ni jengo la kisasa lenye vyoo, viti na maduka ya kutosha. Tuseme mnafika saa tatu kabla ya safari. Hapo mtapanga foleni ya kukabidhi mizigo, mtapita uhamiaji, mtapita ukaguzi. Siku nzuri hiyo ni saa moja, siku ya watu wengi ni saa moja na nusu au zaidi. Kupanda ndege huanza kama saa moja kabla ya kuruka, na wenye viti vya magurudumu hutangulizwa. Umebakiwa na nini? Nusu saa, ikizidi sana saa moja. Kwa dola 80 za watu wawili mtakunywa chai na sambusa, mkae kidogo, mnyanyuke. Na ndege ikishatulia angani mtaletewa chakula kilichokwishalipiwa ndani ya tiketi. Hapo kaka yako yuko sahihi, nampa haki yake.

Kwa Dar nakushauri utaratibu ule wa kizamani: mpikie mama. Chapati au viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, tunda, kwa kadiri ya mlo wake wa kila siku. Chakula kikavu kinapita kwenye ukaguzi bila shida, kinachozuiwa ni vimiminika na vitu vya mchuzimchuzi vinavyozidi mililita 100. Chukua chupa tupu ya maji, utaijaza ndani au kwenye ndege. Lakini chochote chenye nyama au maziwa mkimalize kabla ya kutua, kwa kuwa Uingereza hairuhusu abiria kutoka huku kwetu kuingia navyo, hata kama ni kipande kimoja kilichobaki kwenye kontena.

Tuje kwenye kiti cha magurudumu. Huduma hii inatolewa na shirika la ndege pamoja na uwanja, na hulipi. Watu wetu wengi hawaiombi kwa kuona aibu, au kwa kudhani ni ya asiyeweza kutembea kabisa. Sivyo. Kwenye mfumo wa tiketi kuna alama tatu. WCHR ni ya mtu anayeweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege, ila mwendo mrefu wa uwanjani unamshinda. WCHS ni ya asiyeweza ngazi. WCHC ni ya anayehitaji kusaidiwa mpaka kwenye kiti chake. Kwa maelezo yako mama ni wa kwanza, na kama ngazi zinamtesa magoti basi ni wa pili. Useme ukweli kwenye hilo, kwa sababu ndege ikiegeshwa mbali na jengo abiria hushuka kwa ngazi na kupanda basi, na mwenye WCHS ndiye anayeandaliwa gari la kunyanyulia.

Uombe mapema, angalau saa 48 kabla, na uombe kwa safari yote: Dar, Doha, Manchester. Hapa napenda uende mwenyewe kwenye ofisi ya shirika au kwa wakala aliyekukatia tiketi, usimame mbele yake, akuoneshe kwenye kioo kwamba alama imeingia kwenye vipande vyote viwili vya safari. Nimeona maombi ya simu yakiingizwa kipande kimoja tu, mzee akafika uwanja wa kuunganishia hakuna anayemjua. Wakati uko hapo, hakikisha mambo mengine mawili: kwamba safari nzima iko kwenye tiketi moja, na kwamba mizigo itapokelewa Manchester. Kama ni tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, niandikie tena kabla ya kununua launji yoyote, maana huenda mkalazimika kupita uhamiaji Doha, na mpango wote unabadilika.

Kwa nini nasisitiza hivi? Hamad, uwanja wa ndege wa Doha, ni mkubwa kiasi kwamba una treni inayosafirisha abiria ndani ya jengo lenyewe. Magoti ya mama yakitembea kutoka geti la kushukia, kwenye ukaguzi wa kuunganisha, mpaka launji, halafu tena mpaka geti la kupandia, kiti chochote laini hakitayaponya usiku ule. Kiti cha magurudumu kinauondoa mwendo wenyewe, launji inakuja kumpumzisha mtu aliyekwishatembea.

Sasa Doha, saa sita usiku mpaka saa moja na nusu asubuhi. Hapa mambo ni tofauti na Dar: ni usiku, ni saa saba na nusu, na mama atahitaji kujinyoosha, kula na kuchoma sindano mahali penye staha. Mna njia tatu za kweli.

Ya kwanza ni ya bure. Hamad ina vyumba vya utulivu, vya wanawake peke yao na vya wanaume peke yao, vyenye viti vya kulalia nusu na taa zilizopunguzwa. Nyinyi wote wawili ni wanawake, kwa hiyo hamtatenganishwa. Kuna vyumba vya kuswalia na intaneti ya bure. Ubaya wake ni kwamba usiku wa manane ndio wakati wa uhitaji, mnaweza kukuta vimejaa, na chakula utakitafuta dukani kwa bei ya uwanjani. Baridi ya viyoyozi nayo si ya mchezo, chukueni kanga mbili au shuka jepesi.

Ya pili ni launji, dola 120 kwenu wawili. Mnapata chakula bila kuhesabu kila sahani, choo cha karibu, kiti kizuri, na pengine bafu, jambo ambalo saa kumi na moja alfajiri humrudishia mtu uhai. Kabla hujalipa soma jambo moja: ni saa ngapi unazonunua. Launji nyingi hazikuuzii usiku mzima, zinakuuzia saa tatu, au tano, au sita, zikihesabiwa tangu pasi yako ya kupandia ndege inapokaguliwa mlangoni. Wasafiri wapya huingia mara tu wanaposhuka, saa saba wanashiba, saa tisa usiku wanatolewa nje, na alfajiri yote wako kwenye benchi. Kama mtauziwa saa tatu, anzeni na chumba cha utulivu, mama alale. Ingieni launji saa tisa usiku, mkae hadi saa kumi na mbili. Mtaoga, mtapata kifungua kinywa, kama mnaswali alfajiri itawakuta mko macho, na mtatoka moja kwa moja kwenda getini.

Ya tatu ni hoteli iliyo ndani kabisa ya eneo la kuunganisha ndege, ambayo hukodisha vyumba kwa saa, na huhitaji viza kwa kuwa hutoki nje ya uwanja. Hapa ndipo kuna kitanda halisi. Bei yake iko juu ya launji, lakini chumba ni kimoja kwa watu wawili, wakati launji inahesabu kila kichwa. Chukua zile dola 80 za Dar ambazo nimekuomba usizitumie, zijumlishe na 120 za Doha, halafu uulize bei ya chumba kwa tarehe yako. Kama inaingia ndani ya 200, mimi ningemlaza mama kitandani bila kufikiri mara mbili. Kama haiingii, launji inatosha, na nitakuwa na amani na uamuzi wako.

Kabla ya hapo, lakini, uliza shirika lako kama subira yenu inastahili hoteli ya shirika. Mashirika kadhaa yanayounganisha ndege huwalaza abiria wao kwa gharama zao pale ambapo kusubiri ni kurefu na hakuna ndege yao ya karibu zaidi. Ethiopian wanajulikana kwa hilo pale Addis Ababa. Kila shirika lina kipimo chake cha saa na aina ya tiketi, na kwa saa zenu saba na nusu sikuahidi kitu. Kuuliza ni bure, ila kuulizwe kabla ya safari, maana siku yenyewe ukifika kaunta usiku wa manane hakuna wa kukusikiliza.

Kuhusu kadi yako ya benki, nenda nayo tawini na umwombe ofisa akuoneshe maandishi. Neno "bure" kwenye kadi hizi lina masharti. Nyingine zinatoa idadi fulani ya kuingia kwa mwaka na zikiisha unalipia. Nyingi zinamhesabu mwenye kadi peke yake, mgeni wako anakatwa fedha, na makato hayo huja baadaye, umesharudi nyumbani na kusahau. Nyingine hazifanyi kazi mpaka ujisajili kwenye programu yao ya simu kabla ya kusafiri. Na orodha ya launji zinazoikubali kadi lazima uitazame kwa jina la uwanja na jengo husika. Ikiwa kadi inakuingiza wewe na mama anaongezewa kiasi kidogo, tumia hiyo Doha. Ikiwa ni wewe tu, hesabu yangu ya juu inabaki vilevile, maana huwezi kuingia ukamwacha mama nje. Kununua uanachama wa mwaka wa launji kwa ajili ya safari moja, usijaribu. Ule ni wa watu wanaoruka kila mwezi.

Sasa niongee kama mtu aliyeona wagonjwa wakisafiri, na mengine nikuachie daktari. Dawa na sindano zote za mama zikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya daktari. Insulini ikienda chini na mizigo inaweza kuganda na kuharibika. Habari njema ni kwamba Doha na Dar saa zao ni sawasawa, kwa hiyo mpaka pale ratiba ya sindano haibadiliki. Inayobadilika ni Manchester, ambako saa hurudi nyuma mbili wakati wa kiangazi chao na tatu wakati wa baridi. Mwoneni daktari wake wiki mbili kabla, mkiwa na ratiba ya safari iliyoandikwa, awapangie dozi na milo. Mlo wa launji usimvute mama, vitu vitamu huwa ni vingi mno na viko mbele kabisa.

Na miguu. Kukaa muda mrefu bila kujongea, kwenye ndege au kwenye kiti kizuri cha launji, huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kila saa akiwa macho asimame, akanyage kanyage hatua chache, azungushe vifundo. Ikiwa sasa hivi mguu mmoja umevimba kuliko mwingine, una joto au unauma kwenye shavu la mguu, msingoje wiki mbili, mpeleke hospitali leo hii. Vivyo hivyo kama amefanyiwa upasuaji karibuni: shirika linaweza kutaka fomu ya daktari kabla ya kumruhusu kupanda.

Jambo la mwisho ni la pale mlangoni mwa ndege, Doha. Anayemsukuma mama atataka kumpeleka kwenye eneo la kusubiria la abiria wanaosaidiwa, kwa kuwa ndiko anakowakabidhi wote. Mwambie mapema, kwa utulivu, kwamba mnakwenda chumba cha utulivu, hoteli au launji, na mkubaliane saa ya kuja kumchukua, wewe uiandike. Mpe saa kumi na mbili kamili asubuhi. Kwa saa ya tarakimu, ile wanayoitumia wao, hiyo ni 06:00, na hapo ndipo watu wetu hukosana nao. Ikifika na dakika kumi hajaonekana, usikae kumngoja: nenda dawati la karibu na pasi zenu mbili za kupandia ndege mkononi, uwaoneshe ile alama ya WCHR au WCHS.